Mjadala: Je, mwanaprogramu ajipimie kazi yake mwenyewe, au timu iwe na mpimaji wake?

Mtoa hoja (mpimaji wa programu, Arusha):

Ndugu wachangiaji, bodi ya chama kimoja cha akiba na mikopo upande wa Moshi ililetewa zabuni mbili za mfumo wa kutunza hesabu za wanachama. Timu zote mbili zilijieleza kuwa zinafanya kazi kwa mtindo wa ajaili, yaani kutoa kazi vipande vipande kila baada ya wiki mbili na kuirekebisha kadiri mteja anavyoitumia. Ya kwanza iliweka katika bei yake mshahara wa mpimaji, yaani mtu ambaye kazi yake ni kuitafutia programu kasoro kabla haijamfikia mteja. Ya pili ilisema wazi kwamba haina mpimaji wala haioni haja ya kuwa naye, kwa kuwa wanaprogramu wake hujipimia wenyewe kwa majaribio yanayojiendesha, yaani programu ndogo zinazoipima programu kubwa, na bei yake ikawa nafuu. Bodi ikachukua ya bei nafuu. Naomba tujadili kama ilifanya sawa, kwa sababu uamuzi wa namna hii hufanywa na watu wasio wa fani yetu, na gharama yake humfikia mwanachama ambaye hakuulizwa.

Msimamo wangu ni kwamba haikufanya sawa. Mfumo unaoshika fedha za watu wasio na njia ya kuukagua unahitaji mtu ambaye kazi yake ni kuutilia shaka, na mtu huyo asiwe yule aliyeuandika.

Najua kwamba wanaonipinga wana maandiko ya kuegemea. Tamko la Ajaili, andiko fupi lililoupa mtindo huo jina, lililoandikwa Februari 2001 na watu 17 huko Snowbird, Utah, Marekani, halimtaji mpimaji hata mara moja. Mwongozo wa Skramu (mojawapo ya njia za kufanya kazi kwa ajaili) ulioandikwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland, katika toleo lake la 2020, unatambua majukumu matatu tu, ambayo ni mmiliki wa bidhaa, msimamizi wa skramu na watengenezaji, na upimaji umeachwa uwe sehemu ya kazi ya hao wa mwisho. Kent Beck, mmoja wa hao 17, naye alifundisha kwamba jaribio liandikwe kabla ya msimbo wenyewe, yaani kabla ya maagizo yanayoiunda programu. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Jaribio linalojiendesha humaliza kazi kwa sekunde chache na halichoki likirudiwa mara mia kwa siku, jambo ambalo mimi siliwezi.

Tatizo ni kwamba jaribio hilo linajua lile tu ambalo mwandishi wake alilifikiria. Katika timu moja niliyofanya nayo kazi, mwanaprogramu aliihifadhi namba ya kitambulisho cha taifa kama namba ya kujumlishia badala ya kuihifadhi kama maandishi. Namba hiyo, inayotolewa na NIDA, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Lugha ya JavaScript, ambayo ndiyo tuliyoitumia, hubeba namba nzima kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991, ambayo ni tarakimu 16. Ikivuka hapo huanza kukadiria bila kumwambia mtu. Majaribio yote ya kijana yule yalipita, kwa kuwa ndani yake alitumia namba fupi alizojitungia, 12345 na ndugu zake. Siku nilipoingiza taarifa za mapacha wawili walioandikishwa kijiji kimoja, ambao namba zao zilitofautiana mwishoni tu, mfumo ulinijibu kwamba mwanachama huyo tayari yupo. Fikirini lingetokea nini kama pacha mmoja angekopa na wa pili akadaiwa.

Mchangiaji wa kwanza (mwanaprogramu, Moshi):

Nimesoma hoja kwa makini na nampongeza mtoa hoja kwa mfano wa mapacha, ambao nitauiba. Hata hivyo naona ameuleta ushahidi akautumia kinyume. Kasoro aliyoieleza ingekamatwa na mwanaprogramu yeyote ambaye angelazimika kutumia namba halisi zenye tarakimu 20 katika majaribio yake. Dawa yake ni kumfundisha mwanaprogramu kuandika majaribio mazuri. Ukimweka mtu wa pili nyuma yake, unampa ruhusa ya kuendelea kuandika mabaya.

Hilo nimeliona kwa macho yangu. Nilianza kazi katika timu iliyokuwa na wapimaji wawili. Katika zamu ya wiki mbili, sisi tulikuwa tunaandika siku saba au nane, kisha tunawasukumia kazi mbichi Jumatano jioni huku onyesho kwa mteja likiwa Ijumaa asubuhi. Wao wakawa wanakesha, sisi tukawa tunasubiri. Kasoro ikipita, tulisema mpimaji hakuiona. Ikikamatwa, tulisema mpimaji anatuchelewesha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba kasoro ile ni yake. Timu ilipoondoa mgawanyo huo na kutangaza kwamba aliyeandika ndiye atakayeamshwa usiku mfumo ukianguka, majaribio yaliboreka ndani ya miezi michache, na hakuna aliyehitaji kuhutubiwa.

Tena nimkumbushe kauli ya Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, ambayo sasa ina zaidi ya nusu karne, kwamba upimaji unaweza kuonyesha kuwa kasoro zipo, lakini kamwe hauwezi kuonyesha kuwa hazipo. Bodi ikiuziwa mpimaji kama dhamana itakuwa imeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kinachoilinda ni kutoa toleo jipya kwa watu wachache kwanza, kuwa na njia ya kulirudisha nyuma haraka, na kuangalia kwa karibu linavyofanya kazi. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma faili la masasisho lililoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikabaki viwanjani na hospitali zikaahirisha huduma. Laiti faili lile lingetumwa kwanza kwa kompyuta elfu moja, lingeishia hapo.

Mtoa hoja:

Kwa CrowdStrike nakushukuru, maana umenifungulia mlango. Faili lile lilipitishwa na kikaguzi kinachojiendesha ambacho chenyewe kilikuwa na kasoro. Programu iliyokuwa ikilisoma ilitarajia thamani 20, aina mpya ya faili ikahitaji 21, na majaribio ya awali hayakuwahi kuigusa hiyo ya ishirini na moja kwa namna ambayo ingeleta matatizo. Naafikiana nawe kwamba kulitoa kidogo kidogo kungeokoa wengi. Lakini hao elfu moja wa kwanza ni akina nani, tukirudi kwenye chama cha akiba? Katika chama chenye wanachama mia tano hakuna kundi la kutolewa kafara.

Karani wa tiketi, stendi ya Moshi:

Mimi si mtaalamu, nitasema niliyoyaona. Mfumo wetu wa tiketi ulikuwa unaandika 06:00 kwa basi la Dar es Salaam linaloondoka saa kumi na mbili asubuhi. Wenye mfumo wakaamua kuuweka kwa Kiswahili, wakaandika “saa 6:00 asubuhi”. Nilipopiga simu, kijana aliyepokea aliniambia kwa adabu kabisa kwamba wameupima na saa ni sahihi. Wiki hiyo abiria watatu walifika stendi saa sita mchana na mizigo yao, na mmoja alikuwa anawahi msiba. Nauli ya mmoja wao niliitoa mfukoni mwangu kwa aibu. Ninachojiuliza ni kama hao waliopima waliwahi kupanda basi.

Mchangiaji wa tatu (mhasibu wa chama cha ushirika, Kilimanjaro):

Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma kimya, lakini mfano wa karani umenigusa kwa sababu yeye alilipa nauli, na wengine hulipa kwa jina lao. Mfumo ukikosea hesabu, mtu wa kwanza kuitwa mwizi ni karani aliyekuwa mbele yake. Uingereza wameliona hilo kwa uchungu. Shirika lao la posta lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, na kwa miaka zaidi ya kumi upungufu uliojitokeza kwenye skrini ulichukuliwa kuwa ni wizi wa wakala. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, wengine wakauza nyumba kufidia fedha ambazo hazikuwahi kupotea. Mwaka 2024 Bunge la nchi hiyo likalazimika kutunga sheria ya kuzifuta hukumu hizo kwa mkupuo. Mawakala walikuwa wakilalamika tangu mwanzo. Hawakusikilizwa, kwa kuwa kila mmoja aliambiwa kwamba ni yeye peke yake mwenye tatizo.

Huku kwetu wanachama wa ushirika wa kahawa ni watoto na wajukuu wa watu waliokuwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, tangu 1933, nao wamezoea stakabadhi ya karatasi inayoonyesha kilo na shilingi. Tunapowaambia kwamba sasa waiamini simu, tunaomba imani ambayo hatukuijenga sisi. Mimi mwenyewe, pamoja na miaka yangu yote katika kazi hii, siruhusiwi kukagua vitabu nilivyoviandika. Anakuja mkaguzi kutoka COASCO, shirika la kukagua vyama vya ushirika, na hakuna anayesema kwamba ujio wake ni dharau kwangu au kwamba unanifanya niandike ovyo. Kwa nini mwanaprogramu awe mtu wa kwanza katika nchi hii kushika fedha za watu na kujikagua mwenyewe?

Mchangiaji wa kwanza:

Mama mhasibu, umenibana, lakini naomba uutazame mfano wako kwa upande wa pili. Mkaguzi huja vitabu vikiwa vimefungwa, mwaka umekwisha, na kilichoibwa kimeshaliwa. Hiyo ndiyo namna ya zamani ya kutengeneza programu, ambapo upimaji ulisubiri mwisho, na ndiyo iliyotufanya tukimbilie ajaili. Ukinirudishia mkaguzi wa mwisho wa mwaka katika kazi inayotoka kila baada ya wiki mbili, utapata foleni ileile niliyoieleza.

Na kuhusu saa ya Kiswahili, nasema kwa masikitiko kwamba mpimaji aliyelelewa na vitabu vilevile vya kigeni angeipitisha. Kasoro ile ilihitaji karani mmoja tu aitwe kwenye onyesho la Ijumaa. Ajaili inasema mteja awepo. Hawakumwita.

Mtoa hoja:

Hapo umesema kweli, na sehemu ya hoja yangu ya mwanzo naiondoa. Niliandika kana kwamba mpimaji ni mlinzi wa getini. Mpimaji ninayemtaka akae na timu siku ile mahitaji yanapoandikwa, kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, awe ndiye anayeuliza “saa ngapi, kwa hesabu ya nani?” na “mapacha je?”, na awe ndiye anayekwenda stendi, au kupanda hadi kwenye kituo cha kupimia kahawa ambako mtandao hukatika katikati ya malipo, akaangalia kama mkulima aliyebonyeza mara mbili amelipwa mara mbili. Majaribio yanayojiendesha yaandikwe na wanaprogramu, nami sitaki hata kuyagusa. Maswali hayo ndiyo kazi yangu, na uzoefu wangu ni kwamba mtu aliyebanwa na tarehe ya kukabidhi hayaulizi, hata akiwa hodari namna gani, kwa kuwa kila swali linamwongezea kazi yeye mwenyewe. Glenford Myers, katika kitabu chake kuhusu upimaji wa programu, aliandika mwaka 1979 kwamba mwanaprogramu aepuke kujipimia programu yake, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya kibinadamu kuliko ya kitaalamu: ni vigumu mtu kugeuka ghafla na kutaka kukivunja alichokuwa anakijenga.

Kuhusu bodi, naongeza jambo moja linaloweza kuandikwa katika mkataba bila kuongeza hata shilingi. Timu itaje kwa jina ni nani atakayepima hesabu za riba, gawio na marejesho, na ieleze taarifa gani zitatumika katika kupima. Nimeona timu ikichukua orodha halisi ya wanachama, majina na simu zao, ikaiweka kwenye kompyuta za mkononi za vijana watano eti kwa majaribio. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haikuacha nafasi ya kufanya hivyo kiholela.

Mchangiaji wa kwanza:

Mpimaji wa namna hiyo namkubali, na kwa hesabu za fedha nitakubali awe mtu mwingine asiyeandika msimbo. Nisichokubali ni saini. Kama toleo haliwezi kutoka bila saini yake, tumerudi kule kule kwa wapimaji wangu wawili wa Jumatano jioni. Aseme alichokiona, kiandikwe, kisha timu nzima iamue na ibebe lawama pamoja.

Mhasibu wa ushirika:

Na mimi nisichokubali ni lawama ya pamoja. Mwaka ule gawio lilipokosewa katika chama cha jirani, timu ilituandikia barua nzuri ya kuomba radhi, ikasainiwa “Timu”. Wanachama walinijia mimi wakitaka jina la mtu. Saini ibaki, hata kama ni kwa matoleo yanayogusa riba, gawio na marejesho peke yake. Hayo mengine, rangi za skrini na mpangilio wa menyu, toeni kila siku mkipenda.

Mtoa hoja:

Namuunga mkono mama mhasibu kuhusu saini kwa mambo hayo matatu. Ndugu mwanaprogramu, usiponipa saini, nipe basi haki ya kuiandikia bodi moja kwa moja ninapoona hatari, barua isipitie kwa kiongozi wa timu.

Mchangiaji wa kwanza:

Hilo nalo ni zito. Nipe hadi Jumatatu niongee na wenzangu.