Jangwa la filamu za zamani: Wadi Rum, Ouarzazate au kusini mwa Tunisia?

MzeeWaTiketi (Muscat)
Wakuu, assalaam alaykum. Tuko tisa: wengi wetu hapa Muscat, wawili Dubai, na shangazi mmoja anatoka Mombasa. Tunataka wiki moja jangwani, Februari ijayo ya 2027, tukaone kulikorekodiwa filamu tulizokua nazo. Nimechuja nikabaki na Wadi Rum (Jordan), Ouarzazate (Moroko), na Tozeur mpaka Matmata (Tunisia). Wazee wote ni wagonjwa wa *Lawrence of Arabia* ya 1962, vijana wawili wanalilia *Star Wars*. Shangazi ana goti bovu. Aliyefika kwa miguu yake aseme, video nimetazama mpaka macho yamechoka.

Chumvi_ya_Chott
Tunisia nimeenda mara mbili. Uzuri wake, vitu bado vimesimama. Matmata kuna Hoteli Sidi Driss, nyumba ya Waberiberi iliyochimbwa ardhini. Ndimo walimorekodi ndani ya nyumba ya Luke, shujaa wa *Star Wars* ya kwanza, filamu ya 1977. Sasa mlango wa nje wa nyumba hiyohiyo haupo Matmata! Kuba lake liko huko Chott el Djerid, kwenye uwanda wa chumvi, safari ya saa kadhaa kwa gari. Mashabiki walichangishana wakalikarabati 2012. Halafu karibu na Nefta kuna kijiji cha Mos Espa, hicho ni cha *Star Wars* ya 1999. Kuta za plasta, na vilima vya mchanga vinahama kukifuata. Mkitaka kukiona msikawie.

Bint_Kibokoni
Mimi nilipeleka familia Ouarzazate. Kutoka Marrakech ni kama kilomita 200, ila usihesabu kilomita, hesabu kona. Mnavuka mlima wa Tizi n'Tichka, mita 2,260, na nusu ya basi letu walitapika. Aït Benhaddou, kijiji cha kale cha udongo, inapendeza kweli, imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1987, lakini ni vichochoro na ngazi mpaka ghala la juu kabisa. Goti la shangazi litalalamika. Uwanja wa mapigano waliojengea filamu ya *Gladiator* pale ulishabomolewa, kwa hiyo mtaonyeshwa kiwanja kitupu na kijana mwenye picha kwenye simu.

Studio za Atlas (zilianza 1983) ni kichekesho kitamu: unagonga nguzo ya hekalu la Misri, unasikia tupu kama debe. Wanangu hawakutaka kuondoka. Na kitu kimoja, nyinyi mnatoka Oman, mchanga mnao nyumbani. Kule ni mawe, udongo mwekundu na mitende.

Nahodha_wa_NchiKavu
Kama ugonjwa ni Lawrence, dawa ni Wadi Rum. Ila msidanganywe na waongoza watalii, si kila kitu kilirekodiwa pale. Kile kisima ambapo mwigizaji Omar Sharif anatokea kwa mbali kama kinukta cheusi ni uwanda wa El Jafr, mashariki ya Ma'an. Na Aqaba inayovamiwa kwenye filamu ilijengwa Carboneras, Hispania. Aqaba yenyewe, saa moja kutoka Rum, ni mji wa bandari na hoteli tu. Mtakachokiona Rum ni majabali, na hayo hakuna aliyeyabomoa baada ya filamu.

Usafiri ni pikapu za Mabedui, abiria nyuma kwenye mabenchi. Shangazi akae mbele kwa dereva, mkubaliane hilo kabla ya kulipa. Nunueni Jordan Pass, tiketi ya pamoja ya watalii, kabla ya kusafiri: inabeba kiingilio cha mji wa kale wa Petra na cha Wadi Rum, na kwa wanaopewa viza uwanja wa ndege ada inasamehewa mkilala angalau usiku 3. Baridi ya usiku wa Februari hamjaizoea huko Muscat. Koti zito.

Chumvi_ya_Chott
Nahodha, umewasahau vijana.

Nahodha_wa_NchiKavu
Sijawasahau. *Rogue One* ya 2016, nayo ni ya *Star Wars*, ilirekodiwa Rum pia.

Dada_wa_Ngamiani
Samahani naingilia. Februari ya 2027 si ndiyo Ramadhani? Inaanza wiki ya pili hivi. Mtazunguka na pikapu juani mmefunga?

MzeeWaTiketi (Muscat)
Lahaula! Tisa sisi, na hakuna aliyefungua kalenda. Ahsante dada.

Basi tumepiga kura jana usiku. Novemba, Jordan. Wadi Rum usiku 3, Petra siku moja, na El Jafr kama tutapata dereva anayeijua njia. Tunisia tumeiweka mwaka unaofuata, maana vijana wamekataa katakata kwamba filamu ya 2016 ni ya zamani. Bint Kibokoni, Moroko ilipata kura mbili, zote za wanaotaka kununua mazulia.

Swali la mwisho ni la shangazi: kambini kuna vyoo vya kukaa?

Nahodha_wa_NchiKavu
Kambi nyingi zinavyo. Lakini asiulize "choo kipo?", atajibiwa kipo. Aombe picha.