Naomba ushauri: tuhamie karibu na kazini au karibu na shule nzuri?

Habari zenu wapendwa. Naombeni mawazo yenu, mkataba wetu wa nyumba unaisha mwezi ujao na bado sijaamua.

Tuna watoto wawili, wa miaka 7 na 4. Mtaa wa kwanza uko dakika 15 kutoka kazini kwangu na kodi tunaimudu, lakini nilipokwenda kuchungulia shule yake nilikuta watoto watatu wamebanana dawati moja na mwalimu sauti imemkauka. Mtaa wa pili kodi ni karibu ileile, na shule ni nzuri kweli: madaftari yanasahihishwa kila siku, nimeyafungua mwenyewe nikaona. Tatizo ni safari. Nimeijaribu mara mbili siku za kazi, jioni nikafika saa mbili usiku. Muda huo mdogo wangu huwa keshalala, na hilo limeniuma sana.

Gari la shule hiyo nzuri linapita mtaa wa kwanza pia, ila saa kumi na moja alfajiri.

Mliopitia haya, mlitanguliza nini? Na mtoto wa miaka 7 anahimili kuamka alfajiri hivyo kila siku bila kusinzia darasani?