Mashine ya kupigia alama nguo za dobi: wino gani?

SindanoNaUzi: Wakuu, nimepata mashine nzito ya chuma, ina magurudumu ya herufi na namba. Kibati kinasema National Marking Machine Company, Cincinnati. Nimeisugua siku tatu, lakini gurudumu la tatu limekwama. Ilifanyaje kazi, na ilitumia wino gani?

FundiChuma: Hongera, itunze hiyo! Dobi mkubwa alifua nguo za wateja wengi kwa pamoja; bila alama, shati la huyu linaishia kwa yule. Mhudumu alipanga herufi, akaweka upande wa ndani wa kola, akabana, basi. Wino ulikuwa wa kustahimili sabuni na maji moto. Waliotangulia waliandika kwa kalamu, kwa wino wa nitrati ya fedha: ukiupiga pasi unakolea weusi na haufutiki tena. Gurudumu usililazimishe, meno yatakatika. Kilicholikwamisha ni wino mkavu. Lowesha kwa mafuta ya taa usiku kucha, kisha brashi laini.

Mkusanyaji: Baadaye ukaja wino usioonekana kwa macho, unaong'aa chini ya taa ya urujuanimno (UV) tu. Nguo haikuchafuka kwa namba. Na polisi wa Marekani walitunza mafaili ya alama za madobi. Shati moja liliweza kumtambulisha maiti asiye na jina.

SindanoNaUzi: FundiChuma, limezunguka! Nimebana kwenye kitambaa cheupe: K 417, nambari ya mwisho iliyoachwa humo. Imefifia, ila inasomeka.