Kuzipitia upya kanuni za vibali vya biashara ndogo: tudai zifutwe au ziunganishwe?

Mkaazi wa Wete
Assalamu alaykum ndugu zangu. Kikundi chetu cha hapa Pemba kinatengeneza sabuni ya mwani na mafuta ya nazi, na tumealikwa kutoa maoni katika kikao cha wadau juu ya kupunguza mlolongo wa kanuni za leseni na vibali vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Taasisi moja ilichukua miche ya sabuni kuipima. Haukupita muda mrefu, taasisi ya pili ikaja kuchukua miche ya mpiko ule ule kwa kipimo kile kile, kila moja na ada yake, na sampuli zote zikavuka bahari kwenda Unguja. Fomu zote mbili zilitaka jina la kikundi, nambari ya usajili na saini ya sheha (kiongozi wa serikali katika mtaa), kana kwamba afisi hizo hazimo katika serikali moja. Tuombe kanuni hizi zifutwe, au ziunganishwe? Na ni nani hasa mwenye mamlaka ya kufanya hivyo?

Mtumishi mstaafu, Kikwajuni
Waalaykum salaam. Anzeni kwa kutenganisha sheria na kanuni, kwa sababu vikao vingi huharibika hapo. Sheria hupitishwa na Baraza la Wawakilishi pale Chukwani na kutiwa saini na Rais, ilhali kanuni hutungwa na waziri kwa uwezo aliopewa na sheria mama, kisha hutangazwa katika Gazeti Rasmi. Kwa hiyo kilichowekwa na kanuni, mfano fomu, kiwango cha ada au muda wa leseni, waziri anaweza kukirekebisha bila ya kusubiri mswada. Lakini ikiwa ni sheria mbili ndizo zilizozipa taasisi mbili kazi moja, hapo hapana njia ila kurudi Barazani. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano yaliyo chini ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), basi msiupoteze muda wa kikao kwayo.

Nawaombeni mfanye jambo moja kabla ya kwenda. Pembeni mwa kila karatasi mnayodaiwa, andikeni kanuni na kifungu kinachoidai. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na najua kwamba baadhi ya karatasi hizo hazina kifungu chochote. Ni mazoea ya afisi yaliyogeuka sharti, na hayo huondoka kwa barua ya mkuu wa taasisi tu.

Bint Mkoani
Naunga mkono aliyoyasema mzee wetu, lakini kupitia kanuni mara moja hakutoshi, kwani nyengine zitaota pale pale. Kanuni inapaswa kuzaliwa na tarehe yake ya mwisho. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2013, wameweka kwamba kanuni hufikia ukomo baada ya miaka 10 isipokuwa imefutwa mapema au imeongezewa muda, usiozidi miezi 12. Jimbo la Texas, Marekani, tangu mwaka 1977 limekuwa likizipitia taasisi zenyewe, kwa kawaida kila miaka 12, na taasisi ambayo bunge la jimbo halikuihuisha hufutwa. Mzigo wa kueleza unamhusu anayetaka sharti libaki, na hilo ndilo tunalolikosa.

Hata hivyo msiombe zote zife siku moja. Katika jimbo la Idaho, mwaka 2019, wabunge waliahirisha kikao bila ya kuzihuisha kanuni za jimbo, nazo zilikuwa zinakoma tarehe 1 Julai. Gavana aliitumia nafasi ile kuziacha nyingi zife, lakini zile za lazima ilibidi zirejeshwe kwa haraka kama kanuni za muda. Kwetu, ambako wanasheria wa wizara ni wachache, ni bora ukomo upangwe kwa zamu, wizara baada ya wizara.

Mkemia wa Chake Chake
Nataka kuongeza tahadhari. Sabuni yenye kostiki soda iliyozidi huunguza ngozi, na mama anayemkogesha mtoto hana namna ya kulijua hilo kwa kuutazama mche. Kipimo hicho lazima kibaki, na yeyote atakayesimama kikaoni kutaka kiondolewe nitampinga. Dai lenu liwe kwamba cheti cha maabara moja kikubaliwe na taasisi zote, na sampuli za Pemba zipokelewe Pemba. Jengine ni kwamba taasisi inayojiendesha kwa ada isiachiwe peke yake kuamua kibali gani kifutwe, kwa sababu kila kibali kinachoondoka kinapunguza fedha zake. Wizara ya Fedha iwemo tangu siku ya kwanza, ieleze pengo hilo litazibwa vipi. Bila ya hivyo, ada iliyofutwa itarudi kwa jina jengine.

Mkaazi wa Wete
Ahsanteni sana. Jana usiku tumezisoma kanuni zote mbili pamoja na majadweli yake. Kipimo kimetajwa katika zote mbili, basi hilo tutalipeleka kama ombi la kutambuana vyeti. Saini ya sheha haimo katika kifungu wala jadweli lolote. Imo katika fomu tu, na barua ya kuiuliza tumeshaanza kuiandika.