Naomba ushauri: nisomeshe vipi namba 4,294,967,297?

Assalaam alaykum walimu wenzangu na wapenzi wa hesabu. Nasomesha kidato cha nne katika skuli moja hapa Wete, Pemba, na naomba ushauri juu ya namba 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ikiongezwa 1. Mwanahisabati Mfaransa Fermat aliamini kuwa ni namba tasa, lakini mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Euler alionesha kuwa ni 641 mara 6,700,417.

Kuthibitisha kwamba 641 inaigawa namba hiyo hakunisumbui, kwa sababu 641 ni 5 mara 128 ongeza 1, na papo hapo ni 625 ongeza 16, na kutokana na sura hizo mbili hoja nzima inaenea ubaoni kwa mistari michache (kwangu mimi ni miongoni mwa hoja nzuri kabisa za hesabu). Kinachonikwamisha ni kigawo cha pili. Wanafunzi wanataka kujua kwa nini 6,700,417 ni namba tasa, na kujaribu kwa mkono kila namba tasa isiyozidi 2,588 kunachosha mno. Najua kwamba kila kigawo tasa hapa lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa 128, hivyo zinabaki tano tu za kujaribu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409.

Je, sharti hilo nilieleze vipi kwa wanafunzi ambao hawajasoma hesabu za baki? Au nianze na sharti la Euler, kwamba kila kigawo tasa kibakishe 1 kikigawanywa kwa 64, ambalo uthibitisho wake ni mwepesi zaidi, ingawa litaniachia namba nyingi zaidi za kujaribu? Aliyewahi kulisomesha jambo hili, tafadhali anieleze alianzia wapi.