Gumzo la ukoo: mzee wa Kerala

Ami (Muscat): Assalamu alaykum. Fundi mwenzangu hapa kazini mtu wa Kerala, jimbo la kusini mwa India. Jana kutwa kanisimulia habari za E. M. S. Namboodiripad, wenyewe humwita EMS tu. Mkomunisti aliyeshika serikali kwa kura, 1957!

Shangazi: Waalaykum salaam. Kwa kura? Wale si watu wa bunduki?

Ami (Muscat): Kwa kura. Viti 60 kati ya 126, akajazia wagombea huru 5. Jimbo lenyewe halijatimiza mwaka.

Babu: Namkumbuka. Mtangazaji wa redio akilifikia jina lile anameza mate kwanza.

Dogo: 😂😂 Shikamoo Babu

Babu: Marahaba. Mtoto wa kabaila yule, Mbrahmani, tabaka la juu la Wahindu. Wenziwe walilima, kwao wakala. Akauza urithi wake, pesa akakipa chama.

Shangazi: Mie ningempeleka kwa mganga.

Ami (Muscat): Serikali yake haina hata wiki, ikakataza kumtimua mkulima kwenye shamba alilokodi.

Mjomba: Kama eka tatu za Mzee Karume?

Babu: Wapi! Karume alichukua akagawa. EMS alipeleka muswada bungeni. Umepita Juni 1959, Julai mwenyewe kaondolewa.

Shangazi: Na nani?

Ami (Muscat): Serikali kuu ya Delhi, wakati Nehru ni waziri mkuu. Ila kilichomponza zaidi ni skuli.

Shangazi: Hapo sasa! Eleza polepole.

Ami (Muscat): Skuli nyingi za Kanisa na jumuiya ya Wanair, tabaka la Wahindu wa huko. Ruzuku inatoka serikalini, mwenye skuli anaajiri amtakaye, mwalimu anasaini mshahara huu anapokea mwingine. Sheria mpya ikasema mshahara utoke hazina, na walimu wachaguliwe kwenye orodha ya Tume ya Utumishi. Maaskofu na makabaila wakaingia barabarani pamoja.

Shangazi: Kusaini hiki kupokea kile! Kuna pahala nilifundisha mie... basi, nisiseme. Huyo mzee wangu.

Mjomba: Usikimbilie, shemeji. Polisi wake walipiga risasi waandamanaji huko Angamaly, wakafa watu 7. Fundi kakwambia hilo?

Ami (Muscat): Hilo kalipita.

Babu: Limetokea. Lakini uchaguzi wa 1960 wapinzani waliungana: viti vyake vikashuka mpaka 29, na huku kura zimepanda kutoka asilimia 35 hadi 39. Akarudi 1967.

Dogo: Alikuwa msemaji sana?

Ami (Muscat): Kigugumizi! Wanasimulia mwandishi alimuuliza, "Wewe hugugumiza siku zote?" Akajibu, "La, nikisema tu."

Bibi: Nacheka peke yangu jikoni, wali unaungua

Shangazi: Ami, muulize fundi, hao walimu walilipwa mwishowe?

Ami (Muscat): Nimemuuliza. Hazina inawalipa mpaka leo. Kuajiri bado kwa wenye skuli.

Shangazi: Nusu, basi. Mie hata hiyo nusu sikuiona.