Mrejesho: mbuzi wangu waliovimba chini ya taya

Assalaam aleikum ndugu zangu. Ni mimi niliyeuliza wakati wa masika kuhusu mbuzi wangu wa kienyeji, huku kwenye vilima vya mikarafuu karibu na Wete, Pemba: walivimba chini ya taya, wakanyong'onyea, wawili wakafa. Mkanijibu ni minyoo inayonyonya damu, niwafunue kope nitazame ndani: zikiwa nyeupe, damu imepungua. Nikafunua. Za beberu zilikuwa nyeupe kama karatasi. Za majike wote wanne nyekundu.

Dawa nikampa beberu peke yake, maana mlisema kuwapa wote kila mara huifanya minyoo iizoee. Nilisita, lakini nikafuata.

Kosa kubwa lilikuwa kamba. Nilikuwa nawafunga pale pale bondeni siku zote, wanaguguna nyasi mpaka udongoni, juu ya kinyesi chao chenye mayai ya minyoo. Sasa nahamisha kila siku, nawapandisha kilimani umande ukishakauka, na jioni nawatundikia majani ya mfenesi wale vichwa juu.

Uvimbe wa beberu umekwisha, kope zimerudi wekundu. Jike mmoja kazaa pacha, alhamdulillah!

Uliyenishauri nilete kondoo wekundu wa Kimasai kutoka bara: kweli wanasifika kuhimili minyoo hii, lakini hawa wa kwetu siwaachi.